Matunda na Mwili Uliochoka: Kutoka Machungwa ya Malindi hadi Matunda Damu ya Londiani

Leo sitaanza na dalili za ugonjwa kama nilivyozoea. Nitaanza na chupa.

Mama mmoja alikuja kliniki, akaitoa chupa hiyo kwenye kikapu na kuiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa ya vidonge vya vitamini. Kwenye karatasi yake palichorwa chungwa lililokatwa katikati, na kando ya chungwa kijana anayekimbia. Mama huyo ana binti wa miaka 14 ambaye hukimbia mita 1500 shuleni. Mwaka uliotangulia binti alikuwa anashinda. Muhula huo alikuwa anamaliza nyuma ya wenzake, analalamika miguu ni mizito, na saa moja ya jioni amekwisha lala bila kugusa vitabu. Aliyemuuzia mama ile chupa alimwambia ndani mna nguvu ya matunda, na kwamba vidonge huondoa sumu inayobaki mwilini baada ya mazoezi. Pesa alizotoa zingelisha nyumba yake siku nne.

Akaniuliza, "Sista, nimpe kimoja kwa siku au viwili?"

Nilimwambia asimpe chochote kwanza, na kesho yake aje na binti mwenyewe. Nitamrudia huyo binti. Lakini swali la mama lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia tano, na mara ya kwanza tunayoweza kuisoma kwenye maandishi katika nchi hii ni huko pwani yetu wenyewe. Basi nipeni ruhusa niwatoe kidogo kwenye baridi ya Londiani niwapeleke Malindi.

Mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilifika Mombasa zikitoka Ureno kwa kuzunguka kusini mwa Afrika. Mabaharia wake wengi walikuwa wameugua. Baharini hula mikate mikavu na nyama ya chumvi miezi mingi, hawaoni tunda wala mboga. Ufizi huvimba na kuoza, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka upya, na mtu huchoka kiasi cha kushindwa kuinua mkono. Ugonjwa huo kwa Kiswahili ni kiseyeye. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Baharia mmoja aliyekuwa akiandika habari za safari aliandika kwamba wagonjwa wote walipona walipofika pale, akasema ni kwa sababu hewa ya mji ule ni nzuri.

Hewa! Machungwa alikuwa nayo mkononi, shukrani akaipa hewa.

Lakini tusimcheke, kwa maana wagonjwa wenyewe walianza kufahamu. Waliporudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu, kuanzia Oktoba 1498 hadi Januari 1499. Watu 30 hivi walikufa katika kuvuka huko, na kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane tu wanaoweza kufanya kazi. Walipotia nanga Malindi, Januari 1499, nahodha wao alimtuma mtu nchi kavu kutafuta machungwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wanayatamani sana. Machungwa yakaja kesho yake. Kwa wengi walikuwa wamechelewa mno, wakafia hapo hapo Malindi. Walipoendelea na safari, waliichoma moto merikebu moja kusini ya Mombasa, kwa sababu mikono ya kuiendesha haikutosha.

Mimi huisoma habari hii kama muuguzi. Mgonjwa anatamani tunda, mwili wake unajua, ila mwenye kalamu hajui. Na tunda linalofika baada ya miezi mitatu ya njaa haliwezi kufanya kazi ya tunda lililoliwa kila siku.

Ilichukua karibu miaka 250 kabla ya mtu kufanya jaribio. Mwaka 1747 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, wote wakiwa katika hali inayofanana, akawagawa wawili wawili. Kila jozi ilipewa dawa yake: wengine siki, wengine maji ya chumvi, wengine kinywaji cha tufaha, na jozi moja machungwa mawili na limau moja kila siku. Machungwa yaliisha siku ya sita. Hata hivyo mmoja wa wale wawili alikuwa tayari amerudi kazini, na wa pili alikuwa na nafuu ya kutosha kuwatunza wenzake. Lind aliandika kitabu 1753. Wakubwa wa jeshi hawakuamuru maji ya limau yatolewe kwa mabaharia wote mpaka 1795. Mama akikuambia serikali huchelewa, mwambie hata zamani ilichelewa.

Kitu chenyewe kilichomo ndani ya chungwa kilikaa bila jina hadi karne iliyopita. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alikitenga 1928, na miaka michache baadaye ikathibitika kwamba ndicho vitamini C. Ili apate nyingi ya kufanyia utafiti hakutumia machungwa. Alitumia pilipili nyekundu zilizokuwa zikilimwa mjini kwake. Alipata Tuzo ya Nobel 1937. Natumaini mmelishika hilo la pilipili, maana tutahitaji kukumbuka kwamba vitamini C haikai ndani ya machungwa peke yake.

Sasa tuje kwa mbio. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alitoa wazo kwamba mwili unapotumia hewa ya oksijeni kutengeneza nguvu, hutokea chembe kali ambazo huharibu vilivyo karibu nazo. Fikiria jiko la kuni: unapika, chakula kinaiva, lakini cheche zinaruka. Mwaka 1982 Kelvin Davies na wenzake huko California waliwakimbiza panya hadi wakachoka kabisa, wakapima misuli na maini yao, wakakuta zile chembe zimeongezeka mara mbili hadi tatu. Hapo ndipo watu waliposema: basi, misuli kuuma baada ya mbio ni cheche hizi. Na kwa kuwa ilikwisha julikana kuwa matunda na mboga vina vitu vinavyozima cheche, ambavyo wataalamu huviita antioksidanti, biashara ikaona mlango uko wazi. Vitamini C, vitamini E, rangi ya karoti, vyote vikatiwa ndani ya vidonge. Kidonge hakiozi, hakihitaji kupandwa, na kinauzwa ghali kuliko tunda.

Vidonge hivyo vilipopimwa kama Lind alivyopima machungwa yake, mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki katika utafiti ambapo baadhi yao walipewa vidonge vya ile rangi ya karoti. Majibu yalipotoka 1994, waliomeza vidonge walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi ya wasiomeza. Mwaka 2008 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba panya waliofanya mazoezi huku wakipewa vitamini C nyingi walipata ustahimilivu kidogo sana kuliko wenzao waliofanya mazoezi bila kupewa. Mwaka 2009 Ujerumani, Michael Ristow na wenzake waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa majuma manne. Nusu walimeza miligramu 1000 za vitamini C kila siku pamoja na vitamini E. Mazoezi huusaidia mwili kutumia sukari vizuri, na ndiyo sababu tunawahimiza wenye kisukari watembee. Faida hiyo ilionekana kwa wale ambao hawakumeza vidonge. Kwa waliomeza haikuonekana.

Inakuwaje kitu chema kizuie jema? Maelezo yao, kwa maneno ya jikoni, ni haya. Zile cheche kidogo zinazoruka wakati wa mazoezi ndizo zinazouambia mwili, "Kazi imeongezeka, jenga." Mwili ukisikia hivyo unaongeza uwezo wa misuli na unatengeneza vizima moto vyake wenyewe. Ukizimwaga cheche zote kwa ndoo ya vidonge, mwili hausikii habari, na haujengi. Tunda halifanyi hivyo kwa sababu halina kipimo kikubwa namna hiyo. Chungwa moja lina miligramu 70 hivi za vitamini C, pamoja na maji, sukari yake ya asili, nyuzinyuzi, na rangi za namna nyingi. Ili mtoto apate miligramu 1000 itabidi ale machungwa kumi na zaidi kwa siku, na tumbo lake litamkataza kabla hajafika.

Wapo waliojaribu tunda lenyewe. Mwaka 2006 huko Marekani, wanafunzi 14 walinywa maji ya cheri chachu, tunda dogo jekundu la nchi za baridi, kisha wakafanya mazoezi mazito ya mkono. Walipoteza asilimia 4 ya nguvu zao, na walipokunywa kinywaji kisicho na cheri walipoteza asilimia 22. Mwaka 2010 jambo hilo lilijaribiwa kwa watu 20 waliokimbia marathoni ya London, na waliokunywa cheri walirudisha nguvu mapema zaidi. Lakini ni watu wachache, nami sipendi kuwapa akina mama matumaini ya watu 14. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 50 ya vidonge, unga na maji ya matunda yaliyokolezwa, yote ya kuzuia maumivu ya misuli baada ya mazoezi. Walihitimisha kwamba tofauti ilikuwa ndogo mno hata mtu asiweze kuihisi mwilini mwake.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama mwenye chupa lilikuwa hili: maumivu ya misuli ya siku moja au mbili baada ya kukimbia si sumu. Ni ujenzi, na usingizi na chakula huyatuliza. Arudishe chupa dukani kama watakubali. (Walikataa.)

Lakini mkimbiaji ale nini basi? Hapa hatuna haja ya kwenda California.

Mkimbiaji wa kwanza wa Kenya kupata nishani ya Olimpiki alikuwa mtu wa Kericho, Wilson Kiprugut Chuma, mwanajeshi, aliyechukua shaba ya mita 800 mjini Tokyo 1964 na fedha mjini Mexico 1968. Alifariki 2022. Vijana wengi wanaopita barabara zetu na viatu vya mazoezi hawalijui jina lake, jambo linaloniuma. Tangu wakati wake wageni wamekuja makundi kwa makundi kuuliza watu wetu wanakula nini. Jibu zuri lilitolewa 2004 na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta pamoja na wenzake, mmojawapo akiwa Mike Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800 kabla hajawa mwalimu wa chuo kikuu. Walikaa kambini na wakimbiaji 10 wa daraja la juu kwa siku saba, wakapima kila kilicholiwa. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka katika vyakula vya wanga. Ugali ulitoa asilimia 23, sukari asilimia 20, wali 14 na maziwa 13. Chai ya maziwa walikunywa zaidi ya lita moja kwa siku. Na baada ya mazoezi hawakukawia kula.

Hakuna siri hapo, mama. Ni chakula cha kutosha, kinacholiwa mapema mwili ukiwa bado moto. Mtoto anayekimbia asubuhi na kushinda njaa mpaka saa saba, hata umpe shamba zima la machungwa, atachoka tu.

Mtauliza, basi matunda yana kazi gani? Nadhani tuliyazoea hata tukayasahau. Kabla ya reli kupita Londiani na kufika Kisumu 1901, na kwa muda mrefu baadaye, mtoto wa Kipsigis aliyechunga mifugo hakutoka nyumbani na tunda, wala mama yake hakumhesabia. Alilipata njiani. Alichuma legetetwet, alichuma lamaiywet, na momonik wakati wake ukifika, akarudi jioni midomo na ulimi vikiwa vya zambarau. Nyumbani alikuta wimbi, maziwa, managu au saga. Hakuna aliyeita matunda hayo chakula. Yalikuwa mchezo wa watoto. Na ile rangi ya zambarau iliyopaka nguo ni ya jamii ile ile ya rangi inayotafutwa ndani ya cheri za kizungu.

Kisha misitu ikapungua. Sehemu kubwa ikapandwa saiprasi na paini, ambazo chini yake mtoto hapati cha kuchuma. Mashamba makubwa ya chai yakaenea Kericho tangu miaka ya 1920, na baada ya KTDA kuanzishwa 1964 chai ikaingia hata katika vishamba vyetu vidogo. Watoto wakaenda shule badala ya machungani, nami nashukuru kwa hilo, maana bila hilo nisingekuwa hapa kuongea. Matunda mengine yalikuja. Karakara ya zambarau ililetwa Kenya kama zao la biashara 1933. Matunda damu, ambayo asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, yanaipenda baridi yetu. Plamu zinastawi Londiani. Lakini haya ni matunda ya soko. Tunayachuma alfajiri, tunayapanga kwenye ndoo, tunayauza kando ya barabara, na kwa pesa tunazopata tunanunua sukari, mkate na soda. Mtoto anabaki bila legetetwet na bila karakara.

Sasa narudi kwa binti. Alikuja kesho yake. Niliangalia macho yake kwa ndani, nikaangalia viganja, vilikuwa vyeupe kuliko inavyofaa. Nilimuuliza kama anatafuna udongo au odowa, akamtazama mama yake kwanza, kisha akakubali. Tulipima damu ikawa chini. Alikuwa amevunja ungo mwaka uliopita, na mama hakuwa amefikiria kwamba hilo lina uhusiano na mbio.

Damu inahitaji madini ya chuma. Msichana aliyeanza hedhi hupoteza chuma kila mwezi, na mkimbiaji anahitaji damu nzuri kuliko wenzake, kwa kuwa damu ndiyo inayobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Chuma kilichomo kwenye nyama huingia mwilini kwa urahisi. Kilichomo kwenye maharagwe, wimbi na mboga za majani ni kigumu kuingia, na ndicho wengi wetu tunachokula siku nyingi za juma. Hapa ndipo tunda linapofanya kazi yake kubwa, kubwa kuliko ile ya cheche. Vitamini C ikikutana tumboni na chuma cha maharagwe, hukifungulia mlango. Lazima wakutane katika mlo mmoja. Chungwa la saa nne asubuhi haliyasaidii maharagwe ya usiku.

Na kuna anayefunga mlango huo. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza sana chuma kinachoingia mwilini. Najua naongea katika nchi ya chai. Wengi mnaonisikiliza karo yenu inatoka kwenye majani hayo, na yangu ilitoka huko huko. Sikatazi chai. Hata watafiti wa chai wa Kericho walitoa aina ya zambarau 2011, yenye rangi zile zile za matunda, na ni jambo la kujivunia. Lakini kile kikombe tunachokiweka kando ya githeri, au tunachompa mtoto kushushia ugali na sukuma, kinachukua kwa mkono wa kushoto alichotoa maharagwe kwa mkono wa kulia. Kiweke mbali na mlo. Saa moja au zaidi baada ya kula, mnyweni chai yenu kwa raha.

Kuhusu jina la matunda damu, mmeniuliza mara nyingi kama ni kweli yanaongeza damu. Hayana chuma kingi. Ni mekundu, basi tukaona yanafanana na damu. Lakini yana vitamini C, kwa hiyo ukiyakata juu ya sahani ya maharagwe yatasaidia yale maharagwe yakupe damu. Waliolipa tunda hilo jina walikosea sababu, wakapata nusu ya ukweli, kama yule baharia na hewa yake.

Binti alipewa vidonge vya chuma na dawa ya minyoo. Naomba mnisikie vizuri hapa, nisije nikaleta hasara: vidonge ninavyovisema vibaya leo ni vile vya dukani vyenye picha ya mkimbiaji. Vile vya chuma na foliki ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki ni dawa, vimezeni kama mlivyoagizwa. Na mtoto mchovu asianzishiwe vidonge vya chuma nyumbani kwa kukisia, apimwe kwanza. Chuma kingi ni sumu kwa mtoto mdogo, kwa hiyo vifungiwe mahali asipofikia.

Kwa upande wa chakula hatukubadilisha mengi, kwa sababu mama huyo hana pesa za kubadilisha mengi. Uji wa wimbi asubuhi kabla ya shule, na kipande cha ndizi au viazi vitamu mkobani ili ale mara tu amalizapo mazoezi. Jioni maharagwe au ndengu, mboga, na tunda lolote lililopo katika sahani hiyo hiyo. Chai ikasogezwa. Ana miti mitatu ya matunda damu kwenye ua, iliyokuwa yote ya kuuza. Tukakubaliana mmoja uwe wa watoto. Alicheka akasema hata ng'ombe huwa anaachiwa ndama chuchu moja.

Msimu ambao tunda hakuna, kumbukeni pilipili za yule Mhungaria. Sukuma wiki ina vitamini C nyingi, ila inapotea ikichemshwa sana na maji yakamwagwa. Ikate muda mfupi kabla ya kuipika, iweke maji kidogo, ifunike, iepue ikiwa bado kijani. Mapera, kwa nyinyi wa upande wa chini kwenye joto, yana vitamini C mara nne hivi ya machungwa, nayo mara nyingi huachwa yaoze chini ya mti. Maji ya limau juu ya kachumbari yanatosha kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate gramu 250 za matunda na mboga kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400 kama mtu mzima. Gramu 400 ni kama chungwa moja, ndizi moja, na bakuli la mboga iliyopikwa.

Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 haya hayamhusu, yeye ni ziwa la mama tu, wala asitoneshewe hata maji ya chungwa. Akifikisha 6, muanzishie tunda lililopondwa. Juisi asipewe kabla ya mwaka, na hata baada ya mwaka tunda zima ni bora kuliko juisi. Matunda yaoshwe kwa maji safi, hasa yanayotoka mashamba yanayonyunyiziwa dawa. Na mkiwaona watoto wakila matunda ya msituni msiwachape. Nendeni nao mkawaonyeshe legetetwet ni lipi na lile la sumu ni lipi, kama nyanya zenu walivyowaonyesha, kwa sababu wanaoyajua wanapungua kila mwaka.

Binti alirudi baada ya miezi mitatu na damu yake ikawa imepanda. Anakimbia. Huko Keringet, si mbali nasi, ndiko anakotoka Faith Kipyegon, aliyeshinda mita 1500 katika Olimpiki za 2016, 2021 na 2024, na katikati ya hizo akajifungua mtoto, kwa hiyo wasichana wetu wana mtu wa kumwangalia. Huyu wetu mara ya mwisho alikuwa wa nne. Mama alinieleza habari hiyo huku akinikabidhi matunda damu matano ndani ya karatasi, na ile chupa, ikiwa bado imefungwa, akaniuliza kama naweza kumtafutia mtu wa kuinunua. Nilikataa.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu minyoo na viatu. Kwaherini.